Juzuu ya Kumi na Tatu

Msimu umekwisha, ghala limefungwa kufuli.
Nimeazima mizani ya chama kwa saa mbili
nipime elimu ya nyumba yetu:
ensaiklopidia, juzuu kumi na tisa, kilo thelathini na nane;
vitabu vya katuni, nusu gunia, kilo kumi na moja na robo.
Fundi Lipande akaandika hesabu kiganjani kwa penseli.
"Mninga," akasema, "unene vidole viwili.
Ubao mwembamba utapinda mgongo, dada,
halafu jina litakalotukanwa ni langu."

Rafu imefika juu ya guta, ikinuka vanishi.
Miguu yake minne nimeitia kwenye makopo ya maziwa
yenye oili chafu,
maana mchwa wa Nachingwea hajui kusoma
lakini kitabu humaliza.

Bushiri anataka vipangwe kwa kimo, kama paredi.
Mimi karani: nataka namba ifuate namba.
Zainafu ana miaka tisa, anataka katuni ziwe chini
anapofika bila kuomba.

Hizi za chini, basi. Kachero Ngadu,
kaa mwenye kofia, anayewafuata wezi kwa kwenda upande.
Toleo la kwanza hadi la arubaini,
mengine nimeyakomboa kwa Bi Fadhina wa karanga
aliyekuwa akichana kurasa na kuzisokota.
La kumi na saba halina mwisho.
Ngadu yuko kisimani, kamba inakatika,
halafu gamba tupu.
Nilikula karanga wiki nzima nikiutafuta ukurasa ule.
Nilipata hesabu za darasa la sita,
nilipata barua ya mtu akidai mahari yake.
Tumbo likaniuma. Ngadu akabaki kisimani.

Na hizi nzito, za jalada jekundu lililofifia kama khanga ya kudekia,
Baba alizipata kwa bwana shamba aliyehamishwa,
akampa baiskeli.
Mama hakusema naye hadi Ramadhani.
Ndani ya juzuu ya kumi na tisa kuna ramani,
na ndani ya ramani treni bado inatoka Mtwara kuja hapa kwetu,
kistari cheusi chenye meno madogo madogo.
Reli iling'olewa Baba akiwa kijana.
Alikuwa akiiweka ncha ya kidole pale, anaivuta taratibu,
Mtama, Ruo, anataja vituo mdomoni,
anafika,
anafunga kitabu.

Juzuu ya kumi na tatu haikuja na wenzake.
Humo ndimo ilimokuwa M.
Kwa hiyo nyumba hii tumekua bila malaria,
bila muziki, bila Mtwara yenyewe,
bila mwezi, maana hata kwa lugha yao
mwezi unaanzia palepale.

Katuni hazina uti wa mgongo.
Ukizisimamisha zinaegemeana, zinateleza,
zinalala kifudifudi kama wanywaji wa uraka.
Nimejaribu tofali. Nimejaribu pasi ya mkaa.
Bushiri amecheka, akaenda zake msikitini.
Ndipo nikaliona lile pengo,
kati ya kumi na mbili na kumi na nne,
jeusi kama jino lililong'oka.
Nikawasukumia akina Ngadu humo, wote arubaini.
Wakaingia *tapu*, wakabanwa huku na huku,
wakasimama wima.

Jioni Zainafu karudi na kazi ya shule:
kwa nini mwezi hupungua?
Akahesabu migongo kwa kidole, kumi, kumi na moja, kumi na mbili,
akachomoa kinachofuata.
Nikasikia kimya kirefu, kisha: "Mama, mbona hakiishi?"
Nikamwambia habari ya karanga.
Hakujibu. Akaomba penseli ya fundi, iliyosahauliwa juu ya rafu,
na karatasi isiyo na mistari.

Mizani nilisharudisha.
Sijui sasa rafu hii ina kilo ngapi.