Blanketi Namba Nne

Mimi ndiye mfuaji wa hapa Kurrabilla:
mashuka ya hospitali, vitambaa vya meza vya hoteli,
na mablanketi sita ya kituo cha polisi, ya kijivu,
kila moja na namba yake ya uzi mwekundu pembeni.
Jumatatu ile lililetwa la nne, peke yake.
Nikalifua. Nyuzijoto sitini, sabuni nusu kikombe.
Lilikuwa kambani kabla jua halijagusa maghala ya ngano,
na tangu hapo hakuna mwenye sare wala joho
aliyenijia na swali.

Sasa kesi iko mjini, mwendo wa saa nne kwa gari,
na sisi tumekuwa sikio moja lililobandikwa redioni.

Kwa Trevor muuza nyama kuna kopo juu ya kaunta,
picha ya Konstebo Haddrick kavaa jezi ya timu ya vijana:
Tusimame na Kijana Wetu.
Nimeona wakitumbukiza noti za ishirini
watu ambao mwaka mzima hukopa soseji.
Mke wa Lachlan anasema selo si hoteli.
Dereva wa lori anasema yeye hajui lolote,
kisha anaongea dakika arobaini.
Mwalimu Pettifer, aliyewafundisha wote wawili kusoma,
konstebo na yule marehemu, madawati yaliyofuatana,
hununua mkate, huhesabu chenji mara tatu,
huondoka bila kumtazama mtu.

Ng'ambo ya reli hawana kopo. Wana basi,
la kukodi, kwa michango ya dola mbili mbili,
linaloondoka usiku ili liwahi milango ya mahakama.
Bi Merle, mama mtu, alituomba jambo moja tu:
jina la mwanangu msilitaje, hadi huzuni ipoe.
Lakini wakili analitaja. Karani analitaja.
Redio inalitaja kati ya bei ya pamba na habari za mvua.
Vijana wamelipulizia rangi ukutani, kwa mapenzi, najua.
Gazetini barua tano za wasomaji, jina liko katika zote,
na tatu zimekosea herufi.
Mimi silitaji.
Hilo ndilo agizo pekee nililolitii vizuri.

Juzi wakili aliuliza: aligonga mlango mara ngapi?
Konstebo akajibu, sikuhesabu.
Kwa Trevor wakasema, hata mimi nisingehesabu.
Ng'ambo ya reli mtu alivunja sahani, wanasema,
kisha akaomba radhi, akafagia.

Alhamisi, saa nane na dakika kumi: hana hatia.
Barabara kuu ikapiga honi.
Trevor akalichukua kopo, akalipeleka nyuma ya duka,
nikamsikia akilia huko, sijui kwa nini,
na sidhani yeye anajua.
Basi lilirudi usiku wa manane, taa zake chini,
likapita kituo cha mafuta bila kusimama.

Sijasema yote.
Bi Merle alinijia. Yeye aliuliza.
Wiki ile ile ya msiba, na gauni jeusi mkononi la kupigwa pasi,
akasema: lile blanketi, lilikuwa limelowa?
Nikasema, sikumbuki.
Akalipia gauni. Akangoja risiti.
Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki,
nao hawakuijua mashine yangu,
inavyoyasukuma mferejini huku ikiimba.

Leo polisi wameleta mablanketi matano ya kufua
na moja jipya, bado lina karatasi ya bei.
Wananiomba nilishonee namba.
Uzi mwekundu upo. Sindano ipo.
Nimekaa nalo magotini tangu adhuhuri, redio nimeizima,
najizoeza kusema kwa sauti, chumba kikiwa kitupu:
lilikuwa limelowa, Bi Merle,
lilikuwa limelowa toka ukingo hadi ukingo,
na upande mmoja lilikuwa limetafunwa.