Vidole Vinne

Saa moja asubuhi, Kileleshwa, nyasi bado zina maji.
Natandaza hanesi juu ya gunia, chini ya mkalitusi
wa mama mwenye nyumba ya vigae vyekundu,
na kabla ya msumeno, kabla hata ya chai ya chupa,
nalikagua daraja.

Si daraja la kuvukia watu.
Ni utepe bapa, upana wa vidole viwili,
kutoka pete ya nyonga ya kushoto hadi pete ya kulia.
Hapo katikati kamba kuu hunishika, karibu na kitovu,
mahali nilipowahi kufungwa mara moja,
wakakata.

Kushoto, fundo la maji.
Piga fundo moja, legelege, kama hujali.
Kisha chukua ncha ya pili uirudishe kinyumenyume,
ifuate kona zote za mwenzake, bapa juu ya bapa,
isijikunje, isimkanyage.
Vuta. Vuta tena, kwa goti.
Mkia ubaki vidole vinne.

"Vya nani?" nilimuuliza Musyimi mwaka wa kwanza,
maana kidole chake cha mwisho kilibaki Karen,
chini ya msonobari, siku msumeno uliporuka.
Aliutazama mkono wake kama mtu anayehesabu chenji.
"Vyako," akasema. "Anayepanda ni wewe."

Kulia ndiko kwenye ujanja:
utepe unajizungusha mwili wake wenyewe, mara tatu,
unajipenyeza, unajibana.
Ukiwa huna uzito linateleza, ukilikalia linauma.
Fupisha unapopanda wima, gome likikukwaruza kifua.
Refusha unapotoka nje, kwenye tawi lililolalia nyaya,
ambako lazima uegemee hewa
na hewa haina bega.
Kipimo cha mti wa jana hakiujui mti wa leo.

Zamani Musyimi alifunga daraja lake
kwa mkanda wa gari wa kutoka Grogan.
Hasimulii. Goti lake husimulia, kila akichuchumaa.

Dirisha linafunguka juu.
"Kemunto! Bado mnafunga kamba tu? Mimi nimelipia mti!"
"Mti upo, mama," Musyimi anajibu. "Hauna safari."

Lakini leo napima mkia wa fundo la maji:
vitatu. Na hicho cha tatu, nusu.
Nani ameligusa? Hanesi ililala guniani,
gunia chini ya kitanda changu Kawangware,
na mlango una kufuli mbili.
Hakuna aliyeligusa. Fundo la maji hutembea.
Kila nilipokaa jana na kuinuka, kukaa na kuinuka,
lilimeza kiasi cha punje ya mchele
na kunyamaza, kama mdeni.

Namwonyesha Musyimi. Haulizi lolote. "Fungua."

Kulifungua ni kazi kuliko kulifunga.
Msumari wa inchi sita, kisha meno,
ladha ya utomvu na jasho la Jumanne.
Utepe unatoka na mikunjo yake,
unakumbuka fundo hata likiwa halipo.
Naulaza, naunyoosha kwenye paja.
Fundo moja, legelege. Ncha ya pili, kinyumenyume.
Safari hii namwachia mkia mrefu.

Musyimi anaweka mkono wake wote juu yake,
vidole vinne, vyote alivyo navyo,
na mkia unachungulia upande wa pili.
Haya.

Husemwa aliye juu mngoje chini.
Huyu hangoji. Anakamata mwisho wa kamba,
anatafuta pa kuliweka goti,
anainua kidevu.

Nalikalia daraja nyayo zikiwa shibiri moja juu ya nyasi.
Naruka-ruka hapo hapo, mtu mzima, kama mtoto bembeani.
Kulia linauma. Kushoto linalia kidogo, linatulia.

"Bado?" dirisha linauliza.

Bado, mama.
Naruka mara moja zaidi.