Pumulio

Kabla ya macho, pua ndiyo iliyojua.
Mteremko wa Kamanga, feri imeshusha mlango,
Masatu akakanyaga breki, akakanyaga tena,
na Fuso ikaendelea kama haijasikia.
Nikaruka na gogo langu la mpera
(miaka sita ya utingo, hiyo ndiyo kalamu yangu)
nikalisukumia mbele ya tairi la nyuma,
likasaga, likalia, likashika.
Tairi za mbele zilikuwa zimeshanawa ziwani.
Na harufu ile: gia oili iliyoungua,
kama maandazi yaliyosahauliwa karaini.

Sili ya tatu tangu Kwaresima.

Tumeegesha Igoma, kwa fundi Mbuke,
nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga.
Anagonga tairi kwa kiganja
kama mtu anayechagua tikiti maji.
"Nyuma kushoto," anasema. Hajainama bado.

Jeki. Mawe mawili, Mwanza hatukosi mawe.
Nati nane za shafti; moja imekula uzi,
inatoka kwa patasi na kwa maneno ya Kisukuma
ambayo sitayaandika.
Shafti inavutwa polepole, ndefu, inang'aa,
inachuruza weusi unaonata vidoleni.
Kisha habu. Kisha dramu,
nayo haitaki, imewakumbatia viatu vyake
hadi nyundo iizunguke, tang, tang, tang,
na kuku wa jirani watawanyike.

Ndani, vumbi na oili vimeshakuwa uji.

"Zichome kidogo," anasema Masatu.
"Mwagia petroli, washa kiberiti, zitakauka.
Mwenye dagaa wa Kahama amepiga simu mara saba."
Mbuke hajibu. Anachukua kiatu kimoja,
anakibonyeza laini kwa ukucha,
oili inachomoza, taratibu, kama jasho.
"Hii ni sifongo. Itakauka juu ikudanganye.
Ukifika mteremkoni, itakumbuka."

"Basi sili mpya. Usipoziba ufa..." anaanza Masatu.
"Ufa umezibwa mara tatu.
Leo tuhoji ukuta."

Akalala chali, akaingia chini,
simu meno yake yameishika kwa taa.
Kimya. Mashine ya mpunga tu.
Akatoka na kitu, si kikubwa kuliko kidole gumba,
kofia ndogo inayokaa juu ya difu:
pumulio.
Nyigu amejenga humo. Udongo mkavu kama saruji,
chumba kimoja, buibui watatu wamelazwa,
na buu mmoja mweupe, mgeni wa heshima.

"Difu ikipata moto hupumua.
Hii imezibwa pua. Pumzi ikatafuta njia,
na mdomo wa sili ndio mnyonge kuliko wote."

Tulikuwa tukimpiga mnyonge, basi,
kila mwezi tunamleta mwingine,
tunampaka grisi, tunamgongomea mahali pale pale.

Akachokonoa kwa spoku ya baiskeli,
akaliosha, akalipuliza: likalia filimbi.
Akanipa na mimi nipulize.
Lile buu akaliweka juu ya ukuta, kivulini,
bila kusema lolote, akafuta mikono.

Laini mpya zilipigwa ribiti usiku.
Dramu ikasuguliwa kwa msasa na sabuni ya unga,
sili ikagongwa kwa kipande cha bomba,
huku kidogo, kule kidogo, isiinamie upande.
Nikazungusha tairi, yeye akakaza:
kwaru. Akarudisha meno mawili. Kimya.
Masatu akahesabu noti, akazihesabu tena,
kama atapata moja iliyogandamana na nyingine.

Asubuhi, Kamanga. Mteremko ule ule,
mchuuzi wa karanga yule yule, akatusogelea mbali kidogo.
Masatu akagusa breki.
Fuso ikasimama, hatua kumi kabla ya maji,
ikainamisha kichwa, ikatulia.

Nilikuwa nimeshafungua mlango, mguu mmoja nje.
Gogo mapajani, pembe zote zimeliwa.
Nikaurudisha mguu ndani.
Gogo sikulitupa.