Pete ya Manjano

Mama Ndeonansia aliitua juu ya meza yangu, Kiboriloni,
siku ya soko, kaifungia kwenye kanga:
pawa saplai ya mashine ya kutotolea vifaranga.
Hakunisalimu. Alisema tu,
"Mayai mia mbili sitini na manne."

Nikafungua skrubu.
Kapasita moja imevimba kichwa kama andazi,
nyingine imetoa machozi ya kahawia.
Na pale ilipopaswa kukaa koili,
pete ya manjano iliyovikwa shaba,
palikuwa na kipande cha waya kilichonyooka,
kimechomelewa vizuri, kwa mkono uliotulia.

Nikaujua mkono ule.
Ulikuwa wangu.

Mwezi wa pili nilisema: huu ni waya tu,
wameuzungusha wapate kuuza shaba.
Umeme unaingia huku, unatokea kule,
tuuzungushe wa nini, na njia fupi ipo?
Nikaikata. Taa ikawaka.
Nikapokea elfu saba.

Nami nimezaliwa Uru. Zamu yetu ya mfongo
ilikuwa saa tisa za usiku, mimi na jembe na baridi.
Ukiziba lango kule juu
maji hayakomi papo hapo:
mfereji mzima bado unatembea,
una uzito, una nia,
na migomba ya chini inakunywa
maji ya lango lililokwisha kufungwa.
Ukilifungua tena, yanajivuta kwanza,
kama mtu aliyeamshwa.

Niliyajua haya nikiwa na miaka kumi.
Nikaja kuyasahau nikiwa na kibanda na mita.

Kwani ndani ya boksi lile la bati
kuna swichi inayofunga na kufungua
mara elfu sitini kwa sekunde:
upo, haupo, upo, haupo.
Hakuna kifaa kinacholishwa kwa makofi.
Koili husimama katikati, bishi:
umeme ukija kwa fujo, inasema subiri;
ukikatwa, inasema bado,
inautoa ule iliouficha katika usumaku wake,
dayodi inafungua mlango wa nyuma,
na mkondo unapita,
unapanda kidogo, unashuka kidogo,
haukatiki.
Kapasita ni nduwa tu, hupokea kilichofika kwa upole.
Mimi niliufukia mfongo,
nikaielekeza mvua ya mawe kwenye nduwa.

Nikapekua ndoo ya maiti za kompyuta.
Pete ya kwanza ilikuwa ndogo, ikashiba upesi,
na kiini kikishiba hakibishi tena,
kinakuwa sawa na waya wangu ule.
Ya pili niliizungushia shaba kwa kidole, nikihesabu;
nikapotea kwenye kumi na tisa,
nikafumua, nikaanza upya.
Ishirini na saba.

Ilipowaka haikulia.
Mita ikasema kumi na mbili, ikakaa hapo hapo.

"Bei?"
"Hakuna, mama."
"Na mayai?"

Nikapiga hesabu: trei nane,
na ishirini na manne ya juu.
Droo yangu ilikuwa na elfu tatu na kifungo cha shati.

Akaifunga kanga yake, fundo, kisha fundo.
"Utaleta kidogo kidogo," akasema,
"mradi usikatize."