Pima Mlango Kwanza

Umeniuliza, Thuwaini, ununue mashine gani ya kuchonga chuma,
nami tangu alasiri nimekaa na simu mkononi,
naandika, nafuta.

Basi, kwanza pima mlango.
Si mashine. Mlango.
Yangu ilikaa siku tisa nje ya geti, hapa Khodh,
imefunikwa shuka la maua,
majirani wakidhani shangazi yako kanunua jokofu.

Nilikwenda Wadi Kabir mwezi wa Julai,
usukani haushikiki kwa moto.
Maduka matatu waliniuliza, "Mume wako yuko wapi?"
kana kwamba mume ni kipuri, huuzwa pamoja nayo.
Wa nne, Sukumaran, alikuwa anafunga karakana arudi kwao Kerala.
Yeye aliuliza tu: "Umeme wako fezi ngapi?"
Nikajua nimefika.

Usitazame rangi. Rangi haichongi.
Shika gurudumu la mkono, lizungushe kulia,
kisha lirudishe kushoto, taratibu, usikilize:
pana kitambo kidogo mkono unakwenda
na meza haiendi.
Huo ndio ulegevu. Hakuna mashine isiyo nao,
kama hakuna ukoo usio na jambo lake lisilosemwa mezani.
Usiikatae kwa hilo. Jua tu ni kiasi gani,
na kila kipimo ukifikie kwa kutokea upande ule ule.

Watakwambia kubwa ndiyo raha.
Kweli, nzito haitetemeki.
Lakini wewe umepanga, ghorofa ya pili,
na kuhama na chuma cha kilo mia tatu
ni kuomba talaka kwa maandishi.
Chukua ndogo, ukate kidogo kidogo.
Haba na haba hujaza kibaba;
kwangu imejaza maranda ya chuma hadi ndani ya viatu.

Na bakisha pesa! Bei uliyoambiwa ni nusu.
Bado jiliwa, bado visu, bado saa ya kupimia,
bado mafuta, ambayo hutayakumbuka
mpaka unyevu wa pwani ukuamshe asubuhi moja
na kutu rangi ya chai meza nzima.

Maranda yaondoe kwa brashi, kamwe si kwa kidole.
Kovu langu unalijua. Niliwaambia nilikuwa nakata vitunguu.
Vua pete. Mimi mtandio nauning'iniza msumarini,
nywele nazifunga mpira.
Na baina ya adhuhuri na alasiri usiiwashe:
Bi Shinuna wa ukuta wa pili amelala,
na chuma kikilia, humlilia yeye masikioni.

Kazi yangu ya kwanza hukuiuliza.
Kiti cha magurudumu cha bibi yako,
gurudumu la mbele lilikuwa likiyumba kama lina ulevi.
Fundi wa hospitali alisema kipande hicho hakiagizwi tena.
Nikachonga cha shaba, usiku mbili,
mlango wazi, feni ikinirushia joto lile lile.
Usiku wa pili, kwa haraka, nikasahau ulegevu,
nikafika kwa kutokea upande usio wake,
na mfereji ukazidi sehemu mbili za kumi za milimita.
Unywele, tuseme. Nywele mbili, tatu.

Gurudumu liliacha kuyumba.
Ila hugonga, tik,
kila mzunguko, juu ya marumaru.

Shaba ninayo. Mashine ninayo, na sasa mkono pia ninao.
Ni miaka minne.
Bibi yako mwenyewe ameshanitania:
fundi gani huyu, kiti chake kina saa ndani?
Nami nasema kesho, inshallah, mama, kesho.

Lakini kabla ya adhana ya alfajiri, nikiwa kitandani,
naisikia ukumbini, tik, tik,
ikinyamaza penye zulia,
ikianza tena karibu na jikoni.

Haya. Pima mlango,
fremu na bawaba zake,
unitumie upana.