Gramu Ishirini na Tano

Saa tisa za usiku mtambo wa baridi unakohoa.
Nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Nimevaa makoti mawili na wavu wa nywele,
na juu ya wavu, kofia ya sufu ya marehemu mume wangu
ambayo kanuni hairuhusu,
nami ndiye niliyeiandika kanuni.

Rasiberi zinashuka kwenye mkanda zikigongana kama kokoto.
Wanawake kumi na wanne wanachambua:
jani, kikonyo, mdudu aliyeganda katikati ya safari yake.
Kila saa napitisha vipande vitatu chini ya kigunduzi,
cha chuma, cha shaba, cha chuma kisichoshika kutu.
Mashine ikipiga kelele, naandika: imepiga.
Isipopiga, twasimama sote.
Kazi yangu ni kumshuku aliye kimya.

Mkwe wangu huuliza, Radojka, mnatengeneza nini huko?
Wao hutengeneza. Mimi nina kalamu ya bluu,
pamba kwenye kijiti,
na kipimajoto ninachokiamini kuliko padri wetu.

Ijumaa ile maabara ya mjini ilileta jibu.
Gramu ishirini na tano, ujazo wa kiganja cha mtoto,
na ndani yake bakteria wasionuka wala kuonekana,
wasiolifikia tunda kwa miguu yao.
Hupanda mkono wa mtu.

Nikaifuata nambari kinyumenyume,
katoni hadi paleti, paleti hadi trei,
trei hadi daftari la mizani,
na mwisho wa uzi nikakuta mwandiko ninaoujua:
Milisav. Safu kumi na sita, chini ya mteremko.

Milisav aliyemshika mwanangu juu ya maji ya ubatizo.
Huku kwetu mtu huyo ni zaidi ya ndugu.
Ndugu mwaweza kugombana jioni mkalala.

Nilikwenda kwake na viatu vya kazini.
Pipa la kunawia wachumaji lilikuwa limelala ubavu,
kavu, kuku ametaga ndani yake.
"Pampu iliungua Jumanne," akasema.
"Mvua ilikuwa inakuja. Zingeoza."
Akanimiminia rakija. Sikuigusa.
"Tani nne, Radojka. Hilo ni deni la benki.
Hayo ni meno ya mke wangu."
Najua, nikasema.
"Mwaka jana ulikula hizihizi, umesimama papo hapo ulipo."
Najua.
"Zichemsheni basi, zifanyeni jamu."
Nikasema nitauliza. Nikauliza.
Mnunuzi alijibu kwa neno moja.

Muhuri wetu umechakaa, herufi ya kwanza haishiki wino.
MEZUIWA, ulisema, kila nilipoukandamiza.
Paleti saba, pande nne kila paleti.
Nilihesabu ili mkono usipate nafasi ya kufikiri.

Mahali fulani, katika mji nisioujua hata jina,
keki itakatwa, mtoto atapuliza mishumaa,
atalala fofofo,
na asubuhi ataamka akigombea soksi zake.
Nani ataandika kwamba hakuna kilichotokea?
Fomu ya kumi na moja, mstari wa mwisho,
kwa kalamu ya bluu: mimi.

Jumapili, mlangoni pa kanisa, Milisav alinipita
mikono mfukoni.
Mke wake aliinamisha kichwa, midomo imefumbwa.
Nikawasha mishumaa yangu, wa walio hai na wa wafu,
na sikujua yeye nimweke upande gani.

Jumatano nilishika barabara ya juu, ya mzunguko,
nikijidanganya kwamba ile ya chini ina mashimo.
Pipa lilikuwa limesimama wima mwisho wa safu.
Limejaa hadi ukingoni. Bomba jipya.
Kipande cha sabuni kimefungwa kwa kamba ya katani.
Wachumaji walinyanyua vichwa kunitazama,
naye akiwa nyuma yao, kofia mkononi, hasemi kitu.

Nikasimamisha gari.
Nikashuka.
Nikatoa chupa mfukoni, ile isiyo na vijidudu,
nikafungua kifuniko,
nikachukua sampuli ya maji.