Msiioshe

Duka langu lina upana wa mikono yangu miwili,
Mtaa wa Naboa, Mbale,
kati ya muuza mikate na fundi wa redio.
Minyororo, kebo za klachi na za breki zinaning'inia ukutani
kama matumbo ya mbuzi siku ya tohara.

Mteja huingia na kipuri kilichokufa kiganjani.
Hakitaji jina. Anakiweka mezani, ananitazama.
Nami nakinusa, napitisha ukucha kwenye meno yaliyolika:
"Ya pikipiki ya mwaka gani?"
"Ya shemeji."

Chemonges, mbeba viazi wa Bukwo,
alirudi mara tatu ndani ya mwezi mmoja.
Sili ya shokapu ya mbele. Ileile.
Mara ya kwanza alinitukana, ya pili akamtukana mama yangu.
Mara ya tatu alinyamaza, na hapo ndipo paliponiuma.

Sikumuuzia feki. Feki nazijua:
jina limezidi herufi moja, wino unatoka kwa mate.
Hii ilikuwa halisi, ya kwa Morishige, Hamamatsu,
gramu nne za mpira mweusi
zilizovuka maji, zikalala Mombasa, zikapigwa mihuri Malaba,
zikaja kufia kwenye tope la mtu wa viazi.

Nikaandika. Haikuwa barua ya adabu.
Mafabi, mtoto wa dada, alinilainishia Kiingereza,
lakini sentensi moja nilimkataza kuigusa:
*Mpira wenu hauijui njia ya Bukwo.*

Siku kumi na moja.
Jibu likaja, mistari miwili:
*Tunaomba radhi. Tutumieni iliyoharibika.
Msiioshe.*

Msiioshe!
Miaka kumi na tisa nauza uhai wa pikipiki,
hakuna aliyewahi kuniomba maiti.
Chuma chakavu huchukuliwa na wapima kilo,
mpira tunawashia makaa.

Nikaifunga kwa gazeti la Jumapili,
na udongo wake, na grisi yake,
na unywele mmoja wa ng'ombe, sijui wa nani.
Karani wa posta akauliza thamani.
Haina, nikasema. Akaandika sifuri.
Nauli, shilingi elfu themanini.

Mvua ikaja, ikaondoka na daraja.
Nikasahau, au nilijiambia nimesahau.

Kisha boksi la kawaida: pistoni, ringi, plagi,
na chini kabisa kifuko kisicho na bei wala namba.
Sili mbili. Zina midomo miwili badala ya mmoja,
wa nje mwembamba kama kope,
wa kufumba vumbi lisipite.
Na picha: karatasi nyeupe, rula,
kichuguu kidogo cha udongo mwekundu.
Pembeni kimeingia kidole cha mtu,
ukucha wake mweusi kama wangu.

Chemonges alizifunga hapohapo barabarani,
akalipa nusu, akaondoka bila kuaga.
Tangu Agosti sijamwona.
Ama zimeshika,
ama ameuza pikipiki.

Picha nimeitundika kwenye msumari wa minyororo.
Wapo wanaodhani nayo inauzwa.
Nawaambia: huo ni udongo wa Bukwo,
mimi mwenyewe sijavuka Malaba.